Lugha ya Kipusa

Kila asubuhi nyumba ile iliamka kwa kelele. Redio ililia, sufuria ziligongana, na baba mwenye nyumba, dereva wa lori, alizunguka akitafuta funguo alizokuwa amezishika mkononi. Mkewe aliwaita watu mezani kwa sauti ambayo hata majirani waliitikia. Katikati ya vurugu hizo alikaa binti yao, mwenye miaka kumi na miwili, akinywa chai yake taratibu. Nyumbani walimwita Kipusa. Hakusikia redio wala sufuria. Kipusa alizaliwa kiziwi.

Wakitaka kumwita, walimgusa bega. Wakitaka ale, walipeleka vidole mdomoni. Wakitaka alale, waliweka kiganja shavuni. Wakitaka aache jambo, walitikisa kidole na kukunja uso. Basi, hapo maneno yao yaliishia. Kipusa alikwenda shule ya viziwi iliyokuwa mtaa wa pili, akarudi, akafagia, akalala.

"Huyu hana shida na mtu," mama yake aliwaambia wageni. "Ametulia kama maji mtungini."

Ndani ya nyumba hiyo aliishi pia dada wa yule dereva. Mumewe alifariki zamani, na hawakujaliwa watoto. Alikuwa na saluni yenye viti vitatu, na watu wote walimwita Msusi. Mikono yake ilisifiwa mji mzima, lakini moyo wake ulikuwa mwepesi wa kuchoka na watu. Walimchosha wateja waliotikisa kichwa wakisukwa. Walimchosha waliokuja na picha ya nywele za mtu mwingine wakitaka na sura iwe ile. Zaidi ya wote walimchosha wanafunzi wake wa ususi, ambao aliwaambia jambo moja asubuhi, mchana na jioni, na kesho yake wakamuuliza tena.

Siku moja chama cha wasusi kilitangaza habari. Shule ya vijana viziwi katika nchi jirani ilitafuta msusi wa kwenda kujitolea kwa miezi sita. Angepewa nauli ya ndege, chumba na chakula. Msusi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Utawaweza?" mwenyekiti wa chama alimuuliza.

"Ninaye kiziwi nyumbani," Msusi alijibu. "Nimeshazoea."

Kaka yake alishangaa. "Unafunga saluni uende kufundisha bure watu usiowajua?"

"Nimechoka kufundisha watu wenye masikio ambao hawasikii," Msusi alisema. "Acha nikafundishe wasiosikia kweli. Angalau wao wana sababu."

Akafunga mizigo, akaenda.

Nchi ile ilizungumza Kiswahili kama kwao, ila watu waliyavuta maneno kidogo mwishoni. Shule ilikuwa pembezoni mwa mji. Msusi alipewa chumba kirefu chenye vioo ukutani na sakafu ya mbao. Vichwa vya plastiki vyenye nywele vilipangwa juu ya meza kama watu wanaosubiri zamu. Wanafunzi walikuwa vijana wa kike na wa kiume, wote viziwi, wote wana hamu ya kupata kazi ya mikono.

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso matupu.

Msusi alianza kufundisha kama alivyozoea. Aliwapa mgongo, akainamia kichwa cha plastiki, akabana chanuo mdomoni, akaeleza. "Unagawa hapa. Unashika hivi. Unavuta, lakini usivute sana." Alipogeuka, hakuna aliyekuwa amegusa unywele hata mmoja. Walimtazama kimya, kama abiria wanaosubiri basi lililochelewa.

Akarudia, safari hii kwa sauti kubwa. Akarudia tena, kwa sauti kubwa zaidi. Watu wa jengo la jirani walimsikia vizuri sana. Wanafunzi wake hawakumsikia.

Kisha msichana mmoja mrefu, aliyekaa mbele, akainua mguu na kuupiga sakafuni. Dum. Msusi akageuka. Yule msichana akatabasamu na kuanza kumwuliza kitu kwa mikono. Msusi hakuelewa, na hakutaka kuelewa. Alitupa chanuo mezani akatoka nje.

Alimkuta mkalimani wa shule barazani. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye sauti ya chini na subira iliyomuudhi Msusi tangu siku ya kwanza. Wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi, kwa hiyo alijua lugha ya alama kabla hajajua kusema. Asubuhi ile alikuwa darasa lingine.

"Wale watoto hawana adabu," Msusi alimwambia. "Mimi nafundisha, wao wananipigia mguu sakafuni kama nimekuja kuiba."

"Alikuwa anakuita."

"Ananiita kwa mguu?"

"Sasa angekuita kwa sauti gani, mama? Mbao zinatetemeka, wewe unageuka. Wakati mwingine atakupungia mkono, au atakugusa bega, au atazima taa na kuiwasha. Kwao hiyo ndiyo 'samahani, mwalimu.'"

Mkalimani akaendelea. "Tena nimesikia kwamba unaeleza ukiwa umewapa mgongo, na chanuo mdomoni."

"Mdomo wangu unawahusu nini wakati hawasikii?"

"Wanakutazama uso. Usoni ndiko wanakojua kama unauliza, unakataza au unatania. Ukiuficha, umeficha nusu ya maneno. Halafu kuna jambo lingine. Ukisuka huku unaongea, watazame nini? Mikono yako au mikono yangu inayotafsiri? Hawawezi kutazama pande mbili kwa pamoja. Eleza kwanza. Nyamaza. Kisha suka, nao watazame."

"Hiyo itachukua muda mara mbili."

"Ndiyo," mkalimani alisema.

Jibu hilo fupi lilimkera Msusi kuliko maelezo yote. Alitaka kuonyesha kwamba si mshamba wa mambo haya. "Mimi mwenyewe nina kiziwi nyumbani," alisema. "Binti wa kaka yangu. Tunaishi naye vizuri tu, bila makelele haya ya kupiga miguu."

"Vizuri. Na huwa mnaongea naye nini?"

"Mambo ya kawaida. Njoo. Kula. Lala. Acha."

"Mama, hayo hata mimi na mbuzi wangu tunaelewana," mkalimani alisema, kisha akaingia darasani.

Msusi hakumsalimia tena siku ile, wala siku iliyofuata. Alimkasirikia jikoni akila, alimkasirikia chumbani akifua. Siku ya tatu alimfuata mwenyewe. "Nifundishe hizo alama," alisema. "Na usinicheke."

Mkalimani hakumcheka. Wanafunzi ndio waliomcheka. Alitaka kuwaambia walete chanuo, akawaambia walete bata. Alitaka kumsifu kijana mmoja kwa mkono mwepesi, akamwambia ana mguu mgonjwa. Walimsahihisha bila huruma, wakimshika vidole na kuvikunja inavyotakiwa, na akikosea tena walipandisha macho juu kama yeye alivyowafanyia wanafunzi wake kwa miaka. Alikasirika, akarudia. Alikasirika tena, akarudia tena. Polepole mikono ikaanza kumtii. Akajifunza kusimama mahali penye mwanga, kugusa bega kabla ya kusema, na kungoja. Kungoja ndiko kulikomshinda zaidi.

Mwezi wa tatu alikuwa anapiga soga. Jioni moja yule msichana mrefu, ambaye sasa alisuka kuliko wote, alimuuliza kama ana mtoto.

"Sina. Lakini yuko binti wa kaka yangu. Ni kiziwi kama wewe," Msusi alijibu kwa mikono.

"Anapenda nini?"

Msusi alitaja chakula anachokipenda Kipusa.

"Hicho ni chakula," msichana alisema. "Nauliza anapenda nini. Anaogopa nini? Rafiki yake ni nani?"

Mikono ya Msusi ikabaki hewani. Aliishi na Kipusa tangu siku aliyozaliwa, na hakujua hata jibu moja. Alikuwa ameshajua mambo ya wasichana wale wote: nani anamchukia mama wa kambo, nani anaogopa radi, nani anaandikiana na mvulana wa darasa la useremala. Alikuwa amesafiri kwa ndege kuja kusikiliza watoto wa watu.

Tangu siku ile alisoma kwa bidii zaidi. Muuguzi alipokuja shuleni kuwafundisha wasichana kuhusu hedhi, Msusi alikaa nyuma akajifunza alama zote. Aliona jinsi walivyouliza maswali bila haya, na jinsi walivyojibiwa. Alijiambia, nikirudi, mtoto yule tutaongea mpaka achoke.

Alirudi nyumbani na begi moja na furaha nyingi. Furaha hiyo haikuvuka sebule.

"Afadhali umekuja," wifi yake alimwambia hata kabla hajakaa. "Kipusa amegeuka. Karibu mwezi sasa hataki shule. Ukimsukuma mlangoni anashika fremu ya mlango. Anang'ang'ania chumbani, na nikienda sokoni ananifuata kama mkia. Hata chakula hali vizuri."

"Ni ukaidi," kaka alisema. "Kakua, sasa anataka kutupima. Nimeshaongea na rafiki yangu mwenye mgahawa. Jumatatu anakwenda kuosha vyombo kule. Kama shule imemshinda, afanye kazi."

"Shule imemshinda, au kuongea naye kumewashinda ninyi?" Msusi alisema. "Ngojeni niongee naye."

Alimkuta Kipusa amekaa kitandani. Alikuwa amekonda. Msusi alimgusa bega kwa adabu, akasimama penye mwanga, akamwonyesha uso wake wote. Kisha kwa mikono yenye uhakika alimwambia, "Nimekukumbuka sana. Niambie, una nini?"

Kipusa alimtazama. Akakunja uso. Kisha mikono yake ikaruka, haraka haraka, maneno mengi, macho yamemtoka kwa matumaini. Msusi hakuambulia hata moja.

Akajaribu tena, polepole. Kipusa akatikisa kichwa. Naye akajaribu tena, polepole. Msusi akatikisa kichwa. Walikaa wakitazamana kama wageni wawili. Mwishowe Kipusa alilala, akageukia ukutani.

Mlangoni kaka yake alikuwa amesimama. "Miezi sita ng'ambo," alisema, "na bado hamwelewani."

Msusi alitamani kumrushia begi.

Alipotulia akamgeukia wifi yake. "Wifi, huyu mtoto ameshavunja ungo?"

"Mwezi uliopita. Nilimpa pedi, nikamwonyesha zinavyovaliwa. Sasa anafua shuka zake mwenyewe, hata zisizo na doa."

"Ulimweleza ni kitu gani?"

"Ningemweleza kwa mikono ipi?" wifi aliuliza. "Nilitabasamu tu, ili aone si jambo baya."

Asubuhi Msusi alikwenda shuleni kwa Kipusa akiwa amefura. Miaka yote alipita mbele ya geti lile akienda saluni. Hakuwahi kuingia ndani.

Alipokewa na mwalimu mkuu wa wasichana. Mwanamke huyu alikuwa kiziwi mwenyewe. Alipoteza uwezo wa kusikia akiwa mtoto, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo bado aliongea kwa mdomo. "Nitazame ukiwa unaongea," alisema, "na usiharakishe. Nitakusoma midomo. Nikikosa neno, nitakuuliza."

Msusi alitaka kumrahisishia. Akaanza kujieleza kwa lugha ya alama.

Mwalimu alimtazama, kisha akacheka kidogo. "Alama hizi umezitoa wapi?"

Msusi akataja nchi aliyokwenda kufundisha.

"Hizo ni za kule," mwalimu alisema. "Hapa tuna zetu."

"Lakini kule wanaongea Kiswahili kama sisi."

"Wanaosikia ndio wanaoongea Kiswahili. Viziwi wa kule wana lugha yao, na viziwi wa hapa wana yao. Lugha ya alama si Kiswahili cha mikono. Inazaliwa na viziwi wenyewe, pale wanapoishi na kusoma pamoja. Zipo alama zinazofanana, lakini nyingi hazifanani. Hakuna lugha moja ya alama ya dunia nzima."

"Miezi sita," Msusi alisema. "Miezi sita nimevunjika vidole."

"Hukupoteza vyote. Umejifunza kutazama na kungoja, na macho yako yameshazoea mikono. Utajifunza ya hapa upesi. Lakini ulipanda ndege kufuata kitu kilicho mtaa wa pili. Kila Jumamosi tunafundisha wazazi na ndugu, bure. Katika kila mkutano wa wazazi nasema hivyo."

"Kaka yangu huja mikutanoni."

"Huja," mwalimu alisema. "Husinzia."

Kisha uso wake ukabadilika. "Kipusa ana nini? Nilikuja kumuuliza, mama yake akaniambia anaumwa, atarudi akipona. Sikutaka kuwasumbua."

Msusi akaeleza kila kitu, akianza na mgahawa na kumalizia na shuka. Mwalimu alipoelewa habari za shuka aliuma mdomo. "Somo la hedhi tunalifundisha darasa la sita," alisema. "Yeye yuko la tano. Yamemjia kabla ya somo letu. Twende sasa hivi."

Walipofika, Kipusa alikuwa jikoni, ameshika upindo wa gauni la mama yake. Alipomwona mwalimu akaachia. Mwalimu alimsalimu kwa kuzungusha kidole shavuni, mahali Kipusa anapoingia kishimo akicheka.

"Hiyo ina maana gani?" mama aliuliza.

"Ni jina lake. Shuleni wote tunamwita hivyo. Wenzake walimpa mwaka wa kwanza."

Mama akasimama na mwiko mkononi. Miaka hiyo yote hakujua kwamba mwanawe ana jina jingine.

Waliingia chumbani wote wanne. Mwalimu alikaa mbele ya Kipusa, akaanza kumuuliza. Kipusa hakujibu mwanzoni. Alitazama sakafu, na mwalimu akangoja mpaka akainua macho. Ndipo mikono ikaanza, midogo midogo, karibu na kifua, kama mtu anayenong'ona. Mwalimu alimtazama mpaka mwisho, kisha akafunga macho yake kidogo.

"Anasema nini?" mama aliuliza. Kisha akakumbuka, akamgusa mwalimu bega, akauliza tena usoni pake.

"Anauliza amebakiza muda gani."

"Muda wa kufanya nini?"

"Wa kuishi."

Mwalimu akaeleza polepole. Bibi yake Kipusa alipougua mwaka uliopita, Kipusa aliona vitambaa vya damu chini ya kitanda. Bibi alipelekwa hospitali, hakurudi. Hakuna aliyeweza kumweleza bibi aliugua nini. Kisha siku moja Kipusa naye akaona damu. Alijua zamu yake imefika. Alimwonyesha mama yake, na mama yake akatabasamu.

"Anasema hataki kwenda shule kwa sababu hakutaka kufia kule. Alitaka iwe hapa, karibu na wewe."

Mama alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama. "Nami kila asubuhi nilikuwa namfukuza," alisema. "Namvuta mkono aende."

Mwalimu hakumwacha Kipusa angoje. Alimweleza kwa mikono, na alipokuwa akieleza alisema pia kwa mdomo ili mama na shangazi wasikie. "Huu si ugonjwa. Mwili wako unakua. Damu hii huja kila mwezi, kwa siku chache, kisha hukoma. Mwanzoni inaweza kuruka mwezi mmoja au miwili, usiogope. Badilisha pedi kila baada ya saa chache, hata kama haijajaa, na unawe mikono. Tumbo likiuma, kanda kwa maji ya moto. Likiuma sana, au damu ikizidi mno, sema, upelekwe hospitali. Unaweza kusoma, kucheza na kutembea kama siku zote."

Kipusa aliuliza jambo, akimnyooshea mwalimu kidole, kama anayesema, 'hata wewe?' Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Kipusa akamgeukia shangazi yake. Msusi naye akaitikia. Mwishowe Kipusa alimnyooshea kidole mama yake, aliyekuwa bado sakafuni, na mama akaitikia huku machozi yanamtoka.

Kipusa aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha hasira zikampanda. Alipiga godoro kwa ngumi, akapiga tena, halafu akawarushia mikono yote miwili. Msusi hakujua alama hata moja kati ya zile, lakini aliuelewa uso. Mtoto alikuwa anauliza kwa nini hawakumwambia.

Kaka yake aliporudi kutoka kazini, Msusi alimweleza barazani. Alikuwa amepanga maneno makali tangu mchana. Alipoanza kuyasema aliona kaka yake amekaa, kofia mkononi, hatikisiki, akayaacha.

"Alidhani anakufa," kaka alisema. "Na mimi nikamtafutia kazi ya vyombo." Alivaa kofia yake, akaenda kumwambia mwenye mgahawa asimngoje mtu Jumatatu.

Siku hiyo Kipusa alikula sahani mbili. Jumatatu alikwenda shule.

Jumamosi walikwenda wote kwenye darasa la wazazi. Kaka alinung'unika njia nzima kwamba mikono yake ni ya usukani, haikuumbwa kwa mambo ya vidole. Darasani alikaa nyuma, na mwalimu, aliyemkumbuka, akamhamishia mbele. Alipotakiwa kusema "mimi ni dereva," alisema yeye ni ndizi. Darasa zima lilicheka, na Kipusa alicheka mpaka kishimo cha shavu kikazama. Kaka alitaka kukasirika. Kisha akaona kwamba ni yeye aliyemchekesha, akarudia kosa lile makusudi.

Msusi aliteseka zaidi ya wote, kwa sababu alikuwa na ya kusahau. Mkono wake ulikimbilia alama za ng'ambo, na kila mara Kipusa alimkamata kidole na kumrudisha. "Nimechoka kuwa mtoto wa darasa la kwanza mara mbili," alimlalamikia mwalimu. Mwalimu alimjibu kwa kumwomba awafundishe wasichana wakubwa ususi, siku saluni inapofungwa. Msusi alisema hana nafasi. Wiki iliyofuata alikuwa kule na vichwa viwili vya plastiki kwapani. Shule nayo ikalishusha somo la hedhi, likaanza kufundishwa darasa la nne.

Nyumbani mambo yalibadilika kidogo kidogo. Walinunua balbu yenye mwanga mkali ya chumba cha kulia, ili mikono ionekane jioni. Waliacha kukaa kwa mstari wakitazama televisheni, wakakaa kwa kuzunguka meza. Jirani alipouliza, "Bubu wenu hajambo?" wifi alimsahihisha papo hapo. "Si bubu. Ni kiziwi, na ana maneno kukushinda. Njoo umuulize mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Kipusa aligeuka kuwa na maneno. Alitaka kujua kwa nini redio inawachekesha. Alilalamika juu ya chumvi. Alisimulia ugomvi wa shuleni tangu mwanzo, na akiona umetazama pembeni anagonga meza. Mama yake alisema mikono inamuuma kuliko siku za kufua mablanketi.

Jioni moja, baada ya chakula, mama alimwashiria Kipusa akaoshe vyombo. Kipusa hakuinuka. Aliongea, kwa kirefu, na mama akamjibu, naye akajibu tena. Walibishana mpaka chai ikapoa.

"Anasema nini?" kaka aliuliza. Bado hakuweza kufuata mambo ya haraka.

"Anasema ameosha yeye jana, na juzi ameosha yeye," wifi alisema. "Na kwamba humu ndani yumo mtu ambaye hajawahi kuosha sahani tangu azaliwe."

"Nani huyo?"

Kipusa alimgeukia baba yake. Kwa upole, polepole, kama anayemfundisha mtoto mdogo, alimwonyesha kidole.

Kaka hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Alimtazama mkewe, akamtazama dada yake. Hakuona wa kumtetea. Alikunja mikono ya shati, akabeba vyombo kwenda jikoni.

Kipusa alimfuata, akasimama pembeni ya karo kumsimamia. Alimwambia sabuni ni nyingi. Alimwambia mgongo wa sahani nao huoshwa. Baba mtu alikuwa na majibu, lakini mikono ni miwili tu, na yote ilikuwa majini. Kila alipotaka kubisha ilimbidi aweke sahani chini, ajifute povu, ndipo aseme. Akishasema, Kipusa anajibu, naye inabidi asimame amtazame.

Msusi alikaa mezani akisubiri kikombe kimoja kisafi anywe chai. Alisubiri sana. Mwisho alisimama, akachungulia jikoni. Kaka yake alikuwa ameipa karo mgongo, povu limefika kwenye viwiko, anamsimulia binti yake kwa mikono minene kisa cha lori lililokwama kwenye tope, na Kipusa anauliza lilitokaje. Sahani nyingi zilikuwa bado hazijaguswa.

"Watu hawa watanimaliza," Msusi alisema, akaenda kulala bila chai.